Jina juu ya jalada si hati ya umiliki

Kijana mpiga gitaa wa Shighatini, Kifula au Msangeni, katika tarafa ya Ugweno wilayani Mwanga, leo hii halazimiki kuteremka hadi Dar es Salaam ili kurekodi albamu yake ya kwanza. Kompyuta moja, kipaza sauti na chumba chenye utulivu vinatosha kuanzia. Kazi ikikamilika, intaneti inaweza kuifikisha Nairobi au London kabla basi lililoondoka Mwanga asubuhi halijafika Korogwe.

Urahisi huo, hata hivyo, umelifunika swali gumu ambalo wasanii wengi hulikumbuka baada ya jua kuchwa: albamu ikishatoka, ni mali ya nani? Ni ya aliyeimba, aliyetengeneza midundo, aliyelipia studio, au aliyeisambaza?

Swali hili humkabili kila msanii anayejitegemea, na humbana zaidi yule anayetoka katika kundi au kwaya na kutoa albamu ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Ili kulielewa, yafaa kurejea mwaka 2001, mwaka uliozaa albamu kadhaa za namna hiyo katika Afrika Mashariki.

KUTOKA KUNDINI

Albamu ya kwanza ya msanii pekee si lazima iwe kazi yake ya kwanza. Mara nyingi ni ya kwanza tangu aache kujificha nyuma ya jina la kundi. Kundini gharama hugawanywa, lawama hugawanywa na hata uoga wa jukwaani hugawanywa. Anayetoka peke yake huyabeba yote hayo. Zaidi ya hapo, huliacha nyuma jina ambalo mashabiki wamelizoea.

Joseph Haule aliyapitia hayo. Alikuwa mmoja wa wasanii wa Hard Blasters, kundi lililotikisa muziki wa kizazi kipya kwa wimbo Chemsha Bongo na albamu ya Funga Kazi mwaka 2000. Mwaka uliofuata alitoka peke yake, akitumia jina la Professor Jay badala ya lile la Nigga Jay alilojulikana nalo awali, na albamu yake aliipa jina la Machozi, Jasho na Damu.

Wimbo uliovuma zaidi katika albamu hiyo ni Ndio Mzee, uliorekodiwa na prodyuza P-Funk wa Bongo Records. Ndani yake msanii anajivika joho la mgombea anayetoa ahadi zisizotekelezeka, na umati unamwitikia kwa kukubali kila neno. Wazazi waliokuwa wakiuona muziki huo kuwa uhuni walijikuta wakicheka na kusikiliza hadi mwisho. Mwaka 2003 msanii huyo aliuendeleza mkasa huo kwa wimbo Kikao cha Dharura katika albamu ya Mapinduzi Halisi. Mwaka 2015 yeye mwenyewe alisimama mbele ya wapiga kura akiwa mgombea wa Chadema, akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi na kulitumikia jimbo hilo hadi mwaka 2020.

Yawezekana kundi zima lingeutunga wimbo kama huo. Lakini kinywa kimoja kilipousema, msikilizaji alijua ni nani wa kumpongeza na ni nani wa kumlaumu. Hapo ndipo ilipo nguvu ya albamu ya pekee, na ndipo ilipo hatari yake pia.

JIRANI NA BUKOBA

Mwaka huohuo wa 2001, nchini Kenya, Eric Wainaina alitoa Sawa Sawa, albamu yake ya kwanza akiwa msanii pekee. Kabla ya hapo alifahamika kupitia kundi la Five Alive, ambalo sifa yake kubwa ilikuwa kupatanisha sauti. Muziki aliusomea pia katika chuo cha Berklee, mjini Boston, Marekani. Wimbo wake Nchi ya Kitu Kidogo uliigusa rushwa moja kwa moja, ukazua mjadala mkubwa katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya utawala wa Kanu.

Kwa upande wa Bukoba, Saida Karoli naye alivuma mwaka huo kwa albamu yake ya kwanza, iliyobeba wimbo Maria Salome, ambao mashabiki wengi huufahamu kwa maneno Chambua Kama Karanga. Aliimba zaidi kwa Kihaya, akichanganya mapigo ya asili na vyombo vya kisasa, na alisikilizwa hata mahali ambapo hakuna anayejua Kihaya.

Miaka 15 baadaye, mwaka 2016, wimbo huo ulifufuka. Diamond Platnumz, akishirikiana na Rayvanny, alitoa Salome, uliojengwa juu ya ule wa zamani, ukasikika kote Afrika Mashariki na nje yake.

Tukio hilo linatoa somo kubwa kwa yeyote anayetayarisha albamu ya kwanza. Wimbo hauzeeki kwa mpangilio anaoutarajia mwenyewe. Unaweza kulala miaka 15, kisha siku moja ukaamka ukiwa na thamani kuliko siku ulipozaliwa. Siku hiyo haiulizwi sauti ni ya nani, kwa kuwa sauti kila mtu anaitambua. Linaloulizwa ni nani aliyetia saini, na alitia saini kwa masharti gani.

KUTOKA REDIO HADI KASETI

Tatizo hili lina mizizi mirefu. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa njia kuu ya bendi za Tanzania Bara kurekodi nyimbo zao. Bendi iliingia, ikapiga, ikaondoka. Mkanda mama ulibaki kwenye maktaba ya redio. Wanamuziki walipata umaarufu na watu wakajaa kumbini, lakini rekodi yenyewe haikuwa mikononi mwao.

Milango ya redio binafsi ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, hali ilibadilika. Radio One ilianza kusikika mwaka 1994, na stesheni nyingine zikafuata. Studio za watu binafsi zikaongezeka jijini Dar es Salaam. Kijana asiye na bendi wala vyombo aliweza kurekodi kwa midundo iliyotengenezwa na prodyuza. Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Joseph Mbilinyi, maarufu kama Mr II au Sugu, ambaye albamu yake ya Ndani ya Bongo ya mwaka 1996 ilionyesha kwamba msanii mmoja anayeghani kwa Kiswahili anaweza kuibeba kaseti nzima.

Kurekodi kulikuwa kumepata ufumbuzi, kusambaza hakukuwa. Msanii alihitaji mtu mwenye mtaji wa kudurufu maelfu ya kaseti na mtandao wa kuzifikisha mikoani. Wasambazaji wa Dar es Salaam walikuwa na vyote viwili. Mara nyingi makubaliano yalikuwa ya malipo ya mkupuo: msanii alikabidhi mkanda, akapokea fedha, na mlango ukafungwa. Kaseti ikiuzwa nakala 1,000 au 100,000, aliyekwisha kulipwa amelipwa.

Si kila makubaliano ya aina hiyo yalikuwa dhuluma. Msambazaji naye alibeba hatari ya kubaki na shehena isiyouzika, na uharamia ulimwumiza kama ulivyomwumiza msanii. Tatizo lilikuwa kwamba upande mmoja wa meza uliijua thamani ya karatasi, na upande wa pili uliijua thamani ya wimbo peke yake.

JEMBE NA MVUKUTO

Watu wa Ugweno wana historia inayoweza kulieleza jambo hili vizuri kuliko kitabu cha sheria. Kabla ya ukoloni, milima hiyo ya Upare Kaskazini ilisifika kwa uhunzi. Wahunzi wa ukoo wa Washana waliyeyusha na kufua chuma, na majirani, wakiwamo Wachaga, walikitafuta huko kwa ajili ya zana na silaha zao.

Mhunzi aliuza jembe. Hakuuza mvukuto wake wala nyundo yake. Jembe lilikwenda na mnunuzi, na mhunzi alirudi kalibuni kufua jingine. Angeuza na mvukuto, kesho yake angekuwa kibarua katika kalibu ya mtu mwingine.

Kaseti, santuri au wimbo unaosikilizwa kwenye simu ni jembe. Mvukuto ni haki zilizo nyuma yake, na haki hizo si moja. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo, ambayo huanzia kwa mtunzi. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, yaani ule mkanda au faili mama, ambayo kwa kawaida hudaiwa na aliyegharimia na kusimamia kurekodi. Ya tatu ni ya mtumbuizaji aliyeimba au kupiga chombo. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote tatu, lakini pia zinaweza kugawanyika mikononi mwa watu watatu wasiosalimiana.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazitambua haki hizo. Chini yake ulinzi wa utunzi huanza pale kazi inapobuniwa, na huendelea kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa maneno mengine, wimbo uliotungwa leo na kijana wa miaka 20 unaweza kuwalisha wajukuu zake. Aidha, Tanzania imekuwa mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, hivyo kazi ya Mtanzania inapaswa kulindwa pia katika nchi nyingine wanachama.

Chombo kilichoundwa chini ya sheria hiyo, Cosota, kilianza kazi mwaka 2001, mwaka uleule wa Machozi, Jasho na Damu. Mwaka 2013 Serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye bidhaa za filamu na muziki ili kutofautisha nakala halali na za wizi. Stempu hizo zilikuja wakati kaseti ilikuwa imeshaaga na santuri ikielekea mlangoni. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliibadilisha Cosota kuwa Ofisi ya Hakimiliki, na kuruhusu taasisi nyingine kufanya kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha.

ALIYEPIGA KILA CHOMBO

Huenda msomaji akadhani kwamba anayefanya kila kitu mwenyewe yuko salama. Mfano wa kumtahadharisha unatoka California, Marekani, katika aina ya pop inayotegemea nyimbo fupi, magitaa ya umeme yenye nguvu, sauti zinazopatana na kiitikio kisichotoka kichwani. Mwanakwaya wa Upare angeuelewa muziki huo mara moja, kwani moyo wake ni ule ule wa sauti ya kwanza na ya pili kupokezana.

Mwaka 1970 Paul McCartney, akiachana na The Beatles, alitoa albamu iliyoitwa kwa jina lake, ambayo karibu vyombo vyote alivipiga mwenyewe. Mwaka huohuo kijana wa miaka 20, Emitt Rhodes, aliyekuwa ametoka katika kundi la The Merry-Go-Round, alifanya vivyo hivyo nyumbani kwa wazazi wake. Alijenga studio katika banda, akapiga gitaa, besi, ngoma na piano, kisha akaimba sauti zote juu yake. Kampuni ya Dunhill iliitoa albamu hiyo, ikasifiwa na kuingia katika orodha ya albamu 30 zilizofanya vizuri zaidi nchini mwake.

Lakini mkataba aliokuwa ametia saini ulimtaka atoe albamu kila baada ya miezi sita. Kwa mtu anayetunga, kupiga, kuimba na kurekodi peke yake, hilo halikuwezekana. Kampuni ilimshtaki. Albamu yake ya mwaka 1973 ikawa ya mwisho kwa muda mrefu. Nyingine mpya haikutoka hadi mwaka 2016, miaka 43 baadaye. Alifariki dunia mwaka 2020.

Rhodes hakushindwa na kipaji wala vyombo. Alishindwa na sentensi moja katika mkataba. Alikuwa na uhuru wote ndani ya banda lake, akaupoteza mezani.

HESABU ZA ANAYEJITEGEMEA

Kwa kijana wa leo, iwe Ugweno, Same mjini au Sinza, hatua za kujilinda si nyingi, ingawa zinahitaji subira ambayo vijana wengi hawana pindi wimbo unapokuwa tayari.

Kwanza ni kuagana vizuri na kundi. Nyimbo zilizotungwa pamoja ni za waliozitunga pamoja, hata kama mmoja ndiye aliyeimba kiitikio. Kabla ya kuzirudia katika albamu ya pekee, mgawo wa kila mmoja uandikwe. Jina la kundi nalo lizungumzwe: nani ataendelea kulitumia?

Pili ni prodyuza. Kumlipa fedha za studio hakumaanishi moja kwa moja kwamba umenunua midundo na faili zake. Makubaliano yaseme wazi kama prodyuza amelipwa akamaliza, au ana mgawo katika mapato ya baadaye, na ni nani atakayetunza faili mama. Msanii asiye na faili za kazi yake hana tofauti kubwa na bendi zilizoacha mikanda redioni.

Tatu ni msambazaji au meneja. Kuna tofauti kubwa kati ya kuuza haki na kuzikodisha kwa muda. Anayekodisha kwa miaka mitano, siku ya kwanza ya mwaka wa sita anazipata tena. Anayeuza hana cha kusubiri. Mkataba utaje muda, maeneo, mgawo wa kila upande, na haki ya msanii kuona hesabu. Neno “milele” likionekana katika karatasi, kalamu irudi mfukoni kwanza.

Nne ni kumbukumbu. Ingawa ulinzi wa sheria hausubiri usajili, kusajili kazi kunampa msanii ushahidi anapodaiwa. Kwa nyimbo zinazoingia mtandaoni, kila rekodi hupewa namba ya utambulisho ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, inayosaidia mapato kumfuata mwenyewe. Msanii akiachia mtu mwingine apakie nyimbo kwa akaunti yake, fedha nazo zitafuata akaunti hiyo.

Tano ni kutochanganya vilivyo vyako na vya jamii. Wimbo wa arusi au wa kazi uliorithiwa kutoka kwa mababu si utunzi wa anayeurekodi. Sheria ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi kwa sababu hiyo. Msanii anaweza kudai mpangilio mpya alioubuni. Hawezi kuufanya urithi wa ukoo kuwa shamba lake.

KIGWENO AU KISWAHILI?

Suala la lugha nalo si dogo. Kigweno, ambacho wataalamu wa lugha hukiweka karibu na Kichaga kuliko Kipare, kina wasemaji wachache, na vijana wengi wa Ugweno wamehamia Kipare na Kiswahili. Msanii anayefikiria soko atachagua Kiswahili bila kusita. Professor Jay na Mr II walionyesha umbali ambao lugha hiyo inaweza kumfikisha mtu mmoja.

Saida Karoli, kwa upande mwingine, alionyesha kwamba lugha ya nyumbani si ukuta. Msikilizaji asiyeelewa maneno anaweza kushikwa na sauti, na kitu kisichofanana na vingine sokoni kina bei yake. Albamu yenye nyimbo mbili za Kigweno kati ya 10 haitampotezea msanii wasikilizaji, na kwa lugha inayopungua wasemaji, rekodi hizo mbili zinaweza kuwa na uzito kuliko nane zilizobaki. Hiyo ni sababu nyingine ya kuhakikisha faili mama haipotelei kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

KILICHOBAKI

Kaseti za mwaka 2001 zimekatika au zimeota ukungu, na redio za kuzichezea zimekuwa mapambo. Nyimbo zenyewe zingali hai. Ndio Mzee hukumbukwa kila uchaguzi unapokaribia, Nchi ya Kitu Kidogo hukumbukwa kila kashfa ya rushwa inapoibuka, na Maria Salome imepata kizazi cha pili cha wachezaji ambao wengi wao walikuwa watoto wachanga, au hawajazaliwa kabisa, ilipotoka.

Teknolojia imempa msanii wa Ugweno kile ambacho wasanii wa mwaka 2001 hawakuwa nacho: studio chumbani na soko la dunia mfukoni. Haikumpa uwezo wa kusoma mkataba kwa niaba yake. Jina juu ya jalada humtambulisha mwimbaji kwa mashabiki. Umiliki hutambuliwa na karatasi, na karatasi hiyo huandikwa kabla wimbo haujapendwa, wakati bado pande zote zinazungumza kwa upole.

Mhunzi wa zamani wa milimani aliyajua hayo bila kusoma sheria. Alipanga bei ya jembe kabla ya kulikabidhi, akapokea malipo yake, na jioni mvukuto ulilala nyumbani kwake.